Nahodha Evans na Askari wa Chambo

Ndugu zangu mliopita katika shule yetu, na nanyi vijana ambao hadi leo mnaamshwa na kengele ile ile huku ukungu wa Uluguru ukiwa bado haujapanda,

Mhariri amenitaka niandike habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri wa zamani ambaye mfano wake ulinifaa nilipokuwa mwanafunzi. Nadhani alitazamia nichague kiongozi wa nchi au mwanasayansi. Lakini wenzangu tuliomaliza pamoja mwaka 1977 hawatashangaa nikimchagua baharia. Huyo ni Nahodha William Davies Evans wa Wales, aliyezaliwa mwaka 1790 na kufariki mwaka 1872. Ndiye aliyebuni ule ufunguzi wa mchezo wa chesi ulionipatia jina la Chambo bwenini, na ambao hatimaye uliniaibisha mbele ya shule nzima.

Kwanza nieleze tulivyokutana, yeye na mimi. Nilifika shuleni mwaka 1974 nikitokea milimani, upande wa Kinole, kutoka kwa watu wanaoshusha ndizi mjini Morogoro. Chesi sikuwa nimewahi kuiona. Niliyojua ni bao, nililofundishwa na mjomba wangu. Mjomba aliniambia mapema kwamba mtu anayezionea uchungu kete zake hawezi kulicheza bao, maana kuna wakati lazima umwache mwenzako ale ili wewe ule zaidi baadaye.

Mwalimu wetu wa hesabu, ambaye wa rika langu mnamjua hata nisipomtaja, ndiye aliyeanzisha chama cha chesi. Tulikuwa na mbao mbili tu. Kete za ubao mmoja zilichongwa na fundi wa mjini, na farasi mmoja mweupe alipopotea tuliweka kizibo cha soda mahali pake. Kwa muda wa miaka mitatu kizibo kile kiliruka kama farasi na hakuna aliyecheka. Mwalimu alikuwa pia na kitabu kimoja cha Kiingereza, kisicho na jalada wala kurasa za mwisho. Humo ndimo nilimokuta kurasa chache juu ya Nahodha Evans, nikazinakili katika daftari langu neno kwa neno.

Evans alizaliwa tarehe 27 Januari 1790 katika jimbo la Pembrokeshire, magharibi ya Wales, katika familia ya wakulima. Hakusoma sana, kwa kuwa alipokuwa na umri wa miaka 14 alikwenda baharini. Hizo zilikuwa siku za vita vya Ulaya na Napoleon, na meli zilihitaji vijana. Vita vilipokwisha mwaka 1815 akaingia katika kazi ya meli za posta, na ilipofika mwaka 1819 alikuwa nahodha. Njia yake ilikuwa kati ya bandari ya Milford Haven huko Wales na mji wa Waterford kusini mwa Ireland. Alipeleka mifuko ya barua na abiria, akarudi, kisha akaenda tena, majira ya joto na majira ya dhoruba. Haikuwa kazi ya sifa. Ilikuwa kama kazi ya mtu anayeendesha basi la Dar es Salaam na Morogoro kila siku: akifika salama hakuna anayemtaja, akichelewa kila mtu anamtaja.

Chesi alijifunza akiwa na umri wa miaka 28 hivi. Nawaomba vijana mlitazame neno hili vizuri. Wengi wanaosifiwa katika mchezo huu walianza wakiwa watoto wadogo, lakini Evans alianza akiwa mtu mzima mwenye kazi, na mwenzake mkubwa wa kucheza naye alikuwa Luteni mmoja wa jeshi la majini aitwaye Harry Wilson. Hawakuwa na mwalimu wala chama. Walicheza tu, wakarudia makosa yao, wakayachunguza.

Na katika kuchunguza huko ndipo, kiasi cha mwaka 1824, nahodha alipolipata wazo lake. Wakati huo Waingereza walikuwa wameanza kutumia meli za mvuke katika njia yake ya posta, na inasimuliwa kuwa wazo lilimjia akiwa kazini. Nitalieleza hata kwa asiyecheza, maana bila kulielewa hatuwezi kumwelewa mtu mwenyewe.

Tangu zamani ulikuwapo ufunguzi mmoja uliopendwa sana, uitwao wa Kiitalia. Mweupe anasogeza askari wa mbele ya mfalme, na mweusi naye vivyo hivyo. Kila mmoja anatoa farasi wake kulinda au kushambulia askari wa katikati. Kisha kila mmoja anatoa askofu wake, wa mweupe akisimama c4 na wa mweusi c5. Wamelingana, na mchezo huendelea polepole. Hapo nahodha, katika mwendo wa nne, alimchukua askari wa upande wa malkia aliyesimama b2, asiye na kosa lolote, akamsukuma hadi b4, mbele ya mdomo wa askofu mweusi. Mle!

Kwa nini? Kwa sababu askofu akimla, mweupe anasukuma askari mwingine c3 na kumfukuza. Askofu anakimbilia a5. Hapo mweupe anasukuma askari wa tatu d4 na kuikamata katikati ya ubao. Hesabuni wenyewe: mweusi amemsogeza askofu yule yule mara tatu, na jeshi lake lililosalia bado limelala. Mweupe amepoteza askari mmoja, lakini amepata nafasi na wakati. Askofu wake wa c4 anamkodolea macho askari wa f7, ambaye hana mlinzi ila mfalme mwenyewe. Na askofu wake wa pili akifika a3, humzibia mfalme mweusi njia ya kwenda kujificha pembeni.

Ufunguzi wa namna hii, wa kutoa kete ili kupata kitu kisichoonekana, huitwa gambiti. Neno hilo latokana na Kiitalia, na wapigana mieleka walilitumia kwa maana ya kumpiga mtu ngwala. Sisi bwenini tuliita chambo, na mimi nikaitwa kwa jina hilo.

Kiasi cha mwaka 1827 nahodha alipata likizo akaenda London. Huko alikutana na Alexander McDonnell, mtu wa Belfast, ambaye alikuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa wa Uingereza. Nahodha wa meli ya posta akaketi mbele yake, akasukuma askari wake hadi b4, na akamshinda katika miendo 20. Naomba mfikirie jambo hili kama nilivyolifikiria mimi, mtoto wa Kinole mwenye kizibo cha soda mkononi. Mtu asiyejulikana, kutoka pwani ya mbali, ameingia mji mkuu na wazo lake mwenyewe, na mji mkuu umeshindwa kulijibu.

McDonnell hakukasirika. Alilichukua wazo lile akalitumia. Mwaka 1832 mwandishi William Lewis alilichapisha katika kitabu chake. Mwaka 1834 McDonnell alipambana na Mfaransa La Bourdonnais mjini London, michezo 85 kwa jumla, na gambiti ya Evans ilichezwa na pande zote mbili. Tangu hapo ikaenea Ulaya nzima. Mwaka 1852 mjini Berlin, Adolf Anderssen aliicheza dhidi ya Jean Dufresne, akatoa ngome na malkia pia, kisha akamfunga mfalme kwa askofu. Mchezo ule wapenzi wa chesi wameupa jina la mchezo usionyauka. Mmarekani Paul Morphy wa New Orleans aliitumia gambiti hiyo, na baadaye Mrusi Chigorin akamsumbua nayo sana bingwa wa dunia Steinitz.

Hayo yote niliyanakili. Daftari langu lilikuwa na michezo ya Evans kurasa kwa kurasa, nami niliikariri kama wengine walivyokariri majina ya mito. Nilicheza b4 na kila mtu: na viranja, na vijana wa kidato cha kwanza, hata na mwalimu. Nilishinda mara nyingi, maana wenzangu waliogopa kishindo cha mashambulizi. Nikaanza kuamini kuwa nimepata dawa.

Mwaka 1977, miezi michache kabla ya mtihani wa mwisho, shule moja jirani ilikuja kushindana nasi. Tulicheza mbao tatu. Wenzetu walishinda mmoja, sisi mmoja, na wa mwisho ulikuwa wangu. Bwalo lilijaa. Nilikuwa mweupe, na niliposukuma askari wangu b4 wenzangu wa bweni walipiga makofi kana kwamba nimekwisha kushinda.

Mpinzani wangu, kijana mpole mwenye shati lililoshonwa begani, alimla askari. Nikaendelea na miendo yangu kama ilivyo daftarini. Lakini katika mwendo wa saba, badala ya kumng'ang'ania askari aliyemla, alimrudisha askofu wake nyuma hadi b6, akaniacha nimle askari wake mwingine. Alinirudishia mali yangu! Tukabadilishana malkia. Ghafla ubao ukawa kimya. Kete zetu zililingana, lakini sikuwa na mashambulizi tena, na askari wangu wawili wa upande wa malkia walikuwa wamekatika, kila mmoja peke yake, hana wa kumlinda. Nami sikujua kucheza mchezo wa kimya. Nikaendelea kushambulia adui asiyekuwapo, nikapoteza farasi, na baada ya saa mbili nikampa mkono.

Jioni ile mwalimu hakunigombeza. Aliomba daftari langu, akalipitia ukurasa kwa ukurasa chini ya taa, kisha akaniuliza ni mchezo upi humo ambao mwenye gambiti alishindwa. Hapakuwa na hata mmoja. Nilikuwa nimefanya utafiti wa miaka mitatu nikiandika ushindi peke yake. Akanieleza kwa upole kuwa daftari kama lile halinifundishi gambiti, linanifundisha kujipenda.

Baadaye nilikuja kujua kuwa kinga ile iliyonishinda ina mwenyewe. Aliyeipa nguvu ni Emanuel Lasker, Mjerumani aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 1894 hadi 1921. Siri yake ilikuwa fupi: kula, kisha rudisha kwa wakati wako mwenyewe, kabla hujadaiwa. Kinga ile ilizima moto wa gambiti ya Evans, na kwa miaka mingi wachezaji wakubwa wakaiacha. Yalikuwa yamo, pengine, katika zile kurasa za mwisho zilizochanika. Lakini mimi sikuwahi kuuliza kurasa zile zilisema nini.

Kosa hilo hilo nililifanya juu ya maisha ya nahodha. Nilinakili ushindi wa London, nikaishia hapo. Nusu ya pili niliisoma nikiwa mtu mzima, nami nawapa leo.

Baada ya miaka ya posta, Evans aliendelea na kazi ya bahari katika makampuni ya meli za mvuke. Jina lake linahusishwa pia na jambo lisilo la mchezo: taa za rangi tatu za meli. Siku zile meli za mvuke zilikuwa zinaongezeka, na usiku ziligongana kwa kuwa hakuna aliyejua mwenzake anaelekea wapi. Mwaka 1848 Uingereza iliamuru meli za mvuke ziwe na taa nyeupe mlingotini, nyekundu upande wa kushoto na ya kijani upande wa kulia. Ukiona nyekundu peke yake, unajua meli ile inapita kwa ubavu wake wa kushoto. Ukiona zote mbili, inakuja moja kwa moja kwako. Kila aliyesafiri usiku kati ya Dar es Salaam na Unguja ameziona, hata kama hakujua kazi yake. Ndege zilizokuja baadaye nazo hubeba nyekundu na kijani mabawani.

Wala msidhani kuwa gambiti ilimtajirisha. Mchezaji hana hakimiliki juu ya mwendo wa askari. Dunia nzima ilicheza b4, vitabu vikauzwa, mabingwa wakapata sifa, naye hakupata senti. Miaka yake ya mwisho aliishi Ostend, mji wa pwani ya Ubelgiji, akiwa mgonjwa, maskini, na macho yake yakiwa karibu kupofuka. Ndipo wachezaji wa chesi walipokumbuka kuwa mtu huyu bado yu hai. Lilitolewa ombi la kumchangia. Lakini lilikuja akiwa amekwisha kupita miaka 80, na tarehe 3 Agosti 1872 akafariki huko huko Ostend, akazikwa ugenini. Jiwe la kaburi lake linazitaja kazi zake za meli, kisha taa za rangi tatu, na mwisho kabisa linasema kuwa alijulikana pia kwa gambiti yake.

Gambiti yenyewe haikufa. Mwaka 1963, mjini New York, Bobby Fischer aliicheza dhidi ya Reuben Fine akashinda katika miendo 17. Mwaka 1995, mjini Riga, Garry Kasparov aliitoa mbele ya Viswanathan Anand, na mchezo ukaisha katika miendo 25. Dunia ilishangaa, maana wengi walidhani ni kitu cha makumbusho. Kompyuta za siku hizi hazimwogopi askari yule wa b4, wala hazimdharau. Zinasema mweusi akijua anachofanya, watalingana. Nami naona hiyo ndiyo hukumu ya haki. Chambo si uchawi, wala si kamari. Ni deni analomkopesha mtu mwenzake, na kila deni lina siku yake ya kulipwa.

Ndugu zangu, sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika. Masika iliyopita nilipanda kumwona mwalimu wetu wa hesabu. Anaishi kwenye mteremko wa mlima, mahali ambapo siku ikiwa safi kilele cha Bondwa kinaonekana mlangoni. Macho yake yamekwisha karibu yote. Ubao anao, na anacheza kwa kupapasa kete kwa vidole, mjukuu wake akimtajia mwendo wa mpinzani. Tulicheza. Nilisukuma b4. Alipapasa, akatabasamu, akala, na katika mwendo wa saba askofu wake akarudi b6. Kumbe kinga ile aliijua siku zote, hata mwaka 1977. Nilipomuuliza kwa nini hakunionya wakati ule, alijibu kwamba nilikuwa simsikilizi mtu, akaona ni afadhali ubao uniambie wenyewe.

Nilimuuliza pia ni wangapi kati yetu waliokuwa wamefika kumwona tangu alipostaafu. Alitaja wawili, nami nikiwa wa pili. Sikulala vizuri usiku ule. Sisi tulikula askari wake miaka ile yote, jioni zake, taa yake, kitabu chake, nasi tumekaa na mali hiyo hadi leo kana kwamba ni yetu. Nahodha Evans alikumbukwa akiwa na zaidi ya miaka 80, gizani, ugenini. Mwalimu wetu naye amefika umri huo, ila yeye yupo hapa hapa, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka geti la shule.

Kwa hiyo natoa ombi kwa mkutano wetu. Kwanza, kila atakayekuja mwaka huu alete ubao mmoja wa chesi pamoja na kete zake, hata za kuchonga, maana vijana wameniambia chama kimekufa kwa kukosa vifaa. Pili, tuchange kiasi tutakachoweza, mwalimu apelekwe kwa daktari wa macho, na kama hakuna tiba basi mchango huo umsaidie nyumbani. Mweka hazina wa chama chetu amekubali kupokea na kuandika kila kitu. Tatu, Jumapili asubuhi, baada ya mkutano, wale wenye miguu tupande mlimani kumwamkia. Mimi nitaongoza njia. Nitakuwa nimebeba daftari langu la zamani, ambalo sasa lina kurasa za kushindwa pia, nyingi kuliko zile za kwanza.

Wenu katika shule yetu,
Chambo, 1974–1977